Usiandike "Mstaafu"

Hadi mwaka 2007, bili ya hospitali nchini Marekani ilikuwa na kisanduku chenye nafasi ya tarakimu moja tu. Kilikuwa kisanduku nambari 64 cha fomu ya UB-92, fomu ambayo hospitali zilitumia kudai malipo kwa bima. Karani aliandika humo 1 kama mgonjwa ameajiriwa kwa muda wote, 2 kama ana kazi ya muda, 3 kama hana kazi, 4 kama amejiajiri, 5 kama amestaafu, 6 kama yuko katika utumishi wa jeshi, na 9 kama haijulikani. Mchimba makaa ya mawe aliyetumia miaka thelathini chini ya ardhi na mwalimu wa muziki aliyefundisha watoto sebuleni kwake wakawa kitu kimoja wakishafika uzeeni: wote ni 5. Fomu ya UB-04 ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, kisanduku hicho kiliondolewa, na habari za ajira zikabaki katika misimbo mingine iliyotawanyika kwenye bili. Nitakachojaribu kuonyesha katika sura hii ni kwamba misimbo hiyo, ya zamani na ya sasa, iliundwa kujibu swali la nani alipe, na kwamba kwa kukwepa swali la mgonjwa amefanya kazi gani imeshindwa kujibu hata hilo la malipo.

Tuanze na malipo, kwa sababu hapo ndipo misimbo ilipozaliwa. Medicare, bima ya serikali kwa watu wa miaka 65 na zaidi, ilianzishwa kwa sheria ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 30 Julai 1965. Baadaye iliongezewa baadhi ya watu wenye ulemavu na wagonjwa wa figo. Tangu mwanzo ilijitoa katika jambo moja: majeraha ya kazini yalipwe kwanza na fidia ya wafanyakazi. Kwa mengine mengi Medicare ilitangulia kulipa. Gharama zilipopanda, Bunge lilianza kusukuma mzigo kwa waajiri. Sheria ya mwaka 1982 ilisema kwamba mzee ambaye bado yuko kazini, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, alipiwe kwanza na bima ya mwajiri, na Medicare ifuate nyuma. Baadaye wenzi wa ndoa wakaingizwa, na mwaka 1986 wakaongezwa watu wenye ulemavu walio chini ya bima za waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi. Kwa wagonjwa wa figo kuna hesabu yake, na leo bima ya mwajiri hutangulia kwa miezi 30. Kila sheria mpya iliongeza jambo ambalo karani wa mapokezi hana budi kulijua kabla bili haijatoka, na kila jambo likapewa msimbo.

Chukua mama wa miaka 70 anayefika hospitalini kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hajashika kazi ya mshahara kwa muda mrefu, lakini mumewe bado ni mhasibu wa kampuni yenye watu 25, na mama huyu yumo katika bima ya mume. Hapo kampuni inatangulia kulipa. Kampuni hiyo ingekuwa na watu 15, kwa kawaida Medicare ingetangulia, na bili ingebeba msimbo 28. Mume akiwa kazini pasipo bima yoyote ya mwajiri, msimbo ni 10. Akishastaafu, tarehe ya kustaafu kwake huandikwa kwenye bili ya mkewe chini ya msimbo 19, na ya mke mwenyewe, kama aliwahi kuajiriwa, chini ya 18. Wote wawili wakiwa hawana kazi, msimbo ni 09. Jicho halijabadilika, daktari ni yule yule, na huyu mama ameketi pale pale akisubiri kuitwa. Kinachobadilika ni anwani itakayopelekewa dai. Msimbo 09 hautofautishi hata kati ya mke na mume, kwa kuwa kwa mlipaji wao ni kaya moja yenye bima au isiyo nayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika mwongozo wa Medicare wenyewe. Wazee wengi hawakumbuki tarehe waliyostaafu, na bili inadai tarehe kamili. Mwongozo ukaweka utaratibu. Kama mtu alistaafu kabla hajaanza kustahili Medicare na hakumbuki siku, hospitali iandike siku aliyoanza kuistahili. Kama aliendelea kufanya kazi akiwa tayari ana Medicare na bima ya kazini, hakumbuki tarehe, na hospitali imejiridhisha kwamba imepita angalau miaka mitano tangu astaafu, basi iandikwe tarehe ya miaka mitano kamili kabla ya kulazwa. Aliyelazwa tarehe 4 Januari 2002 huandikiwa kwamba alistaafu tarehe 4 Januari 1997. Hakuna udanganyifu hapa, na siwalaumu waliotunga kanuni hii. Kwa hesabu za malipo, mtu aliyestaafu miaka sita iliyopita na aliyestaafu miaka kumi na sita iliyopita ni sawa, kwa maana bima ya mwajiri haitangulii kwa yeyote kati yao. Lakini mtafiti akichukua maelfu ya bili hizo ili kujua watu huugua nini baada ya kuacha kazi, atakutana na tarehe zilizotengenezwa mezani, zikiwa zimeandikwa kwa namna ile ile kama zile za kweli, bila alama ya kuzitenganisha.

Fomu ya madaktari, CMS-1500, ilikuwa na upungufu wa namna nyingine. Katika toleo lake la zamani kisanduku cha 8 kiliuliza hali ya mgonjwa na kumpa nafasi tatu za kutia alama kuhusu shughuli zake: ameajiriwa, mwanafunzi wa muda wote, au mwanafunzi wa muda. Nafasi ya asiye na kazi haikuwepo. Wala ya mstaafu, wala ya aliyejiajiri, wala ya mama anayelea watoto nyumbani. Wanafunzi walipewa nafasi mbili kwa sababu bima nyingi zilimfunika kijana mkubwa chini ya mzazi wake mradi bado anasoma, kwa hiyo masomo yalikuwa suala la malipo. Sheria ya afya ya mwaka 2010 iliporuhusu vijana kubaki katika bima ya wazazi hadi miaka 26, wawe wanasoma au hawasomi, swali hilo likapoteza kazi. Toleo lililofuata la fomu, lililoanza kutumika kwa lazima mwaka 2014, liliacha kisanduku hicho bila swali. Ukifuata historia ya visanduku hivi, unaona swali linaingia fomuni siku mlipaji anapolihitaji na kutoka siku haja yake inapokwisha. Kumjua mgonjwa hakukuwa sababu ya kuliingiza wala ya kulitoa.

Mtu anaweza kusema: ni sawa, bili ni bili. Hakuna anayetarajia risiti ya duka ieleze maisha ya mnunuzi, na anayetaka kujua uhusiano wa kazi na ugonjwa aende kwenye faili la daktari. Ni pingamizi la haki, na lingetosha kama mambo mawili yangekuwa kweli: kwamba bili inafanya vizuri kazi yake ya kumpata mlipaji anayestahili, na kwamba faili la daktari lina habari hiyo. Yote mawili yana kasoro kubwa.

Kwenye bili kuna swali moja linalogusa kazi moja kwa moja. Fomu ya daktari inauliza katika kisanduku cha 10 kama hali ya mgonjwa inatokana na ajira, ndiyo au hapana. Bili ya hospitali ina msimbo 02 kwa ajili hiyo hiyo. Kwa mtu aliyeanguka kutoka kwenye ngazi kazini asubuhi ile, swali hilo linajibika. Lakini fikiria mzee wa miaka 72 mwenye mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, ambayo kisababishi chake kikuu ni asbesto. Ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta nyuzi hizo. Alipokuwa kijana alikata mabomba kwenye karakana ya meli. Sasa anaulizwa mapokezini kama yuko kazini, anajibu amestaafu, na karani anaandika tarehe. Anaulizwa kama maradhi yake yanatokana na ajira, naye kwa unyofu anajibu hapana, maana hana ajira na wakati huo hajui anaumwa nini. Majibu yote mawili yako sahihi kwa jinsi yalivyoulizwa, na dai linakwenda Medicare.

Kwamba hili ni tatizo pana kulionyeshwa na watafiti J. Paul Leigh na John Robbins katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004. Walikadiria kwamba kwa mwaka 1999 pekee, mfumo wa fidia ya wafanyakazi wa Marekani ulikosa kugusa vifo kati ya 46,000 na 93,000 vilivyotokana na maradhi ya kazi, na gharama za matibabu kati ya dola bilioni 8 na bilioni 23. Gharama hizo hazikutoweka. Zilibebwa na Medicare, na bima nyingine, na familia za wagonjwa. Ni makadirio, na upana wa tarakimu zenyewe unaonyesha jinsi msingi wa habari ulivyo dhaifu. Hata ukichukua kiwango cha chini kabisa, matokeo ni haya: misimbo iliyowekwa ili Medicare isilipe deni la mwajiri inaiacha Medicare ilipe deni la waajiri kwa mabilioni. Zipo sababu nyingine, zikiwemo sheria za majimbo zinazoweka muda mfupi wa kudai na ugumu wa kuthibitisha chanzo cha ugonjwa mahakamani. Lakini hakuna dai linaloweza hata kuanza kama hakuna mtu hospitalini aliyeuliza mgonjwa alifanya kazi gani.

Faili la daktari nalo halikuokoa hali, na janga la korona lililithibitisha hilo mbele ya dunia nzima. Kati ya Februari na mwanzoni mwa Aprili 2020, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipokea taarifa za wagonjwa 315,531 kwa fomu maalumu. Fomu iliuliza kama mgonjwa ni mhudumu wa afya. Swali hilo lilijibiwa katika taarifa 49,370 tu, yaani asilimia 16. Hiyo ndiyo nchi ambayo hospitali zake zinaweza kukuambia kwa uhakika mume wa mgonjwa anafanya kazi katika kampuni ya watu wangapi. Wauguzi, madaktari na wafagiaji wa wodi walikuwa wanaambukizwa, vifaa vya kujikinga vilikuwa haba na vilipaswa kugawanywa kwa kujua nani yuko hatarini zaidi, na kwa zaidi ya wagonjwa wanane katika kila kumi hapakuwa na jibu. Dharura ilichangia, ni kweli. Lakini jambo lililozoeleka kuulizwa kila siku huulizwa hata siku ya dharura. Kadi ya bima haikusahaulika.

Wapo watetezi wa misimbo wanaosema suluhisho tayari lipo ndani yake. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, kwa toleo linalotumika Marekani tangu Oktoba 2015, ina misimbo ya Z kwa hali za maisha: Z56.0 kwa kukosa ajira, Z56.2 kwa hofu ya kupoteza kazi, Z56.4 kwa ugomvi na bosi au wenzako kazini, Z57.2 kwa kufanya kazi penye vumbi. Kuna pia Y99.0 kwa jeraha lililopatikana mtu akiwa katika shughuli ya kumpatia kipato. Orodha ni nzuri na waliotunga walikuwa na nia njema. Shida ni kwamba haitumiki. Ofisi ya Medicare ilipopitia mwaka 2019, kati ya watu milioni 33.1 waliokuwa katika mpango wa kawaida wa kulipia kila huduma, ni asilimia 1.59 tu waliokuwa na dai lenye msimbo wowote wa Z wa hali za kijamii. Sababu si fumbo. Mwandika misimbo hupimwa kwa madai yanayolipwa, na Z56.0 haiongezi hata senti. Serikali yenyewe imekubali mantiki hii: kuanzia Oktoba 2023 ilipandisha hadhi ya misimbo ya kukosa makazi ili iweze kuongeza malipo ya hospitali, kwa kutambua kwamba mgonjwa asiye na nyumba hugharimu zaidi kumtibu. Msimbo wa Z57.2 haujapata heshima hiyo. Na hata ungetumika kila siku, usingetuambia kama vumbi lilikuwa la pamba, la makaa au la mawe, ilhali mapafu huumia kwa namna tofauti kwa kila mojawapo.

Haitakuwa haki nikisema takwimu za bili hazina manufaa. Mwaka 2019 CDC ilitangaza wagonjwa 18 wa silikosisi kali, ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la mawe, katika majimbo manne, California, Colorado, Texas na Washington, wote wakiwa wakataji wa mawe ya kutengenezwa kiwandani yanayotumika kwa meza za jikoni. Wawili kati yao walikwisha kufa. Huko California, kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa, zilizochambuliwa kwa misimbo ya ugonjwa, zilisaidia kufungua njia. Kwa hiyo bili zina uwezo wa kupiga kengele. Lakini angalia ni msimbo upi uliosaidia: ule wa ugonjwa. Wa ajira haungeweza kumtenga mkata mawe na karani wa benki, kwani kwake wote ni waajiriwa. Ilibidi maofisa wa afya wafungue mafaili na kuwatafuta wagonjwa ili wajue kilichowaunganisha, na wakati huo vumbi lilikuwa linaendelea kuvutwa katika karakana nyingine.

Swali linalokosekana si geni wala si gumu. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliwahimiza madaktari wenzake katika kitabu chake cha mwaka 1700 wamuulize kila mgonjwa kazi yake. Na Marekani yenyewe inajua kuliuliza vizuri, ila inamsubiri mtu afe. Cheti cha kifo cha kawaida nchini humo kina nafasi mbili: kazi ambayo marehemu aliifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, na aina ya biashara au kiwanda alichoifanyia. Karibu na nafasi hiyo kuna agizo kwa herufi kubwa: usiandike "mstaafu". Waliotunga cheti walielewa kwamba neno hilo linafuta kila kitu kilicholitangulia, wakalipiga marufuku. Neno hilo hilo ndilo ambalo hospitali ilikuwa inalitafuta kwa bidii alipokuwa hai, hadi kumbunia tarehe, wakati bado kulikuwa na mtu wa kuulizwa, na wa kutibiwa, na mwenye haki ya kudai fidia.

Kuhusu muda wa makarani, sikatai kwamba mapokezini kuna foleni. Lakini karani huyo tayari ana dodoso refu la kumtafuta mlipaji, analolirudia kila mgonjwa anapolazwa. Maswali mawili, unafanya kazi gani na ni kazi gani umeifanya kwa miaka mingi zaidi, hayawezi kuwa ndiyo yanayoangusha mapokezi. Walikuwepo waliosema majibu ya maneno matupu hayahesabiki kwa kompyuta. Hilo halina nguvu tena: NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ina programu iitwayo NIOCCS inayosoma maneno ya kawaida, kama "fundi bomba, karakana ya meli", na kuyageuza kuwa misimbo sanifu ya kazi na viwanda. NIOSH pia imeandaa mpangilio wa kuhifadhi historia ya kazi ndani ya mafaili ya kielektroniki. Vifaa vipo, kinachopungua ni sharti la kuvitumia.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la faragha. Mfanyakazi anayefanya kazi bila kibali, au anayeogopa kufukuzwa akionekana amelalamika, ana sababu ya kweli ya kunyamaza. Bili hupita mikononi mwa watu wengi: ofisi ya hospitali, wakala wa madai, kampuni ya bima, na nyakati nyingine mwajiri mwenyewe anayegharamia bima. Kwa sababu hiyo hiyo nasema kazi ya mtu isiwekwe kwenye bili. Iwekwe kwenye faili la matibabu, chini ya ulinzi ule ule unaolinda vipimo vyake, na itoke tu kwa idhini yake au kwa takwimu zisizo na majina. Mpango wa sasa una hasara za pande zote mbili: unamwambia mlipaji kila kitu kuhusu mwajiri, na haumwambii daktari lolote kuhusu kazi.

Afrika Mashariki inaingia katika suala hili wakati fomu zake zenyewe zinaandikwa. Kenya iliiacha NHIF, mfuko wake wa zamani wa bima ya afya, na kuanza Mamlaka ya Afya ya Jamii tarehe 1 Oktoba 2024; mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, nayo inatenganisha sekta rasmi na isiyo rasmi. Mgawanyo huo ni wa lazima kwa ukusanyaji wa michango, na hauna tatizo mradi ubaki huko. Hatari ni kuuchukua kama maelezo ya kazi ya mtu. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya ajira ni zisizo rasmi, kwa hiyo msimbo wa "asiye na mshahara" utamweka mwendesha bodaboda, mchuuzi wa mboga, fundi wa kuchomelea vyuma na mvuvi katika fungu moja. Mwendesha bodaboda anayempelekea mwenye pikipiki hesabu kila jioni hana mwajiri kwa maana ya sheria za fidia za nchi zote mbili, ile ya Kenya ya 2007 na ile ya Tanzania ya 2008, ambazo zimejengwa juu ya mkataba wa ajira. Watakwimu wa kazi walikwisha kuliona hili: mwaka 2018 mkutano wao wa kimataifa chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulikubali kundi jipya la wakandarasi tegemezi, watu wasio waajiriwa lakini wasiojitegemea kikweli. Fomu zetu za afya zingeweza kuanzia hapo badala ya kupitia tena njia ya kisanduku cha 64.

Na faida ya kwanza isingekuwa ya watakwimu wala ya mawakili wa fidia. Wanaapolo wa Mirerani nchini Tanzania, wanaochimba tanzanaiti kwa chakula na mgao wa kinachopatikana, huvuta vumbi la mawe lenye silika. Silikosisi kwenye picha ya eksirei inaweza kufanana na kifua kikuu, na tena humfanya mtu awe rahisi kupata kifua kikuu chenyewe. Mgonjwa akitokea kliniki ya mji mwingine, amekonda, anakohoa, makohozi yake hayaonyeshi vijidudu, na fomu yake inasema "sekta isiyo rasmi", daktari ana kila sababu ya kuanza dawa za kifua kikuu, na zisipomsaidia, kuzianza upya. Fomu ikisema mchimbaji, Mirerani, tangu ujana, daktari huyo huyo atafikiria mapafu yaliyojaa vumbi kabla ya kuandika dawa, atapima magonjwa yote mawili, na atamwambia mgonjwa asirudi shimoni.